Nakala iliyofutika pamoja na asili yake: kisa cha nyumba mbili, Tudor na Bamburi

Familia hii ina nyumba mbili Mombasa: moja Tudor kwa kaka mkubwa, nyingine Bamburi kwa dadake. Tudor kuna NAS (mashine ya kuhifadhi faili iliyounganishwa kwenye mtandao wa nyumba) ya kampuni ya Synology, modeli DS220+, yenye diski mbili za TB 4. Ndani yake mna TB 1.4 za mali ya ukoo: picha na video za arusi na maulidi tangu mwaka 2009, hati za viwanja zilizopigwa skani, na sauti ya nyanya yao akisoma tenzi, iliyorekodiwa kwa simu kabla hajafariki. Bamburi kuna mashine ya zamani kidogo, DS218j, nayo ina diski mbili za TB 4. Zote mbili zimepangwa kwa RAID 1, yaani kila kinachoandikwa kwenye diski ya kwanza kinaandikwa sawasawa kwenye ya pili. Kitu kikiingia Tudor, kilinakiliwa Bamburi chenyewe, na kila asubuhi barua pepe ilifika kusema kazi imefanikiwa.

Kisha folda ya "Arusi 2016" ikafutwa. Kijana wa nyumba ya Tudor alikuwa akipanga picha kutoka kwenye laptopu, akaona folda mbili zenye majina yanayofanana, akafuta moja akidhani imejirudia. Ilikuwa GB 38. Pipa la takataka la folda ile ya mtandao halikuwa limewashwa, kwa hiyo faili hazikuwa na kituo cha kusubiri. Walipokimbilia mashine ya Bamburi walikuta folda haipo huko pia. Kazi ya Shared Folder Sync, programu ya Synology ya kusawazisha folda kati ya mashine mbili, ilikuwa imepangwa ifuate kila badiliko papo hapo, na kufuta ni badiliko kama jingine lolote. Barua pepe ya asubuhi iliyofuata ilisema kazi imefanikiwa, na ilikuwa kweli.

Kilichookolewa ni kidogo: baadhi ya picha zilizokuwa zimetumwa kwa WhatsApp, ambazo hubanwa zikapungua ukubwa na ubora, na kadi moja ya kamera ambayo kwa bahati haikuwa imetumika tena. Video ya nikaha haikupatikana.

Tunakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu mpangilio huu ndio watu wengi wanaoujenga nyumbani wakiwa na NAS mbili, na kila kipande chake kilifanya kazi yake barabara. RAID 1 hulinda diski moja ikifa, na haina la kufanya faili ikifutwa, kwa kuwa inafutwa kwenye diski zote mbili kwa mpigo mmoja. Usawazishaji hulinda nyumba moja ikiungua au mashine ikiibiwa, lakini lengo lake ni kuifanya nakala ifanane na asili, hata asili inapoharibika. Kilichokosekana ni nakala isiyoitii asili kwa kila jambo: inayopokea kipya bila kutupa cha zamani, ili ya jana iwepo hata kama ya leo imeharibiwa. Hayo ndiyo matoleo, na bila matoleo hakuna bekapu.

Mpango mpya

Vifaa vilibaki vile vile. Shared Folder Sync iliondolewa, ikawekwa Hyper Backup, programu ya Synology ya bekapu, upande wa Tudor, na Hyper Backup Vault, inayopokea nakala zake, upande wa Bamburi. Hyper Backup hutuma tu vipande vya faili vilivyobadilika tangu mara ya mwisho na huweka kila usiku kama toleo linaloweza kufunguliwa peke yake. Ilichaguliwa aina ya matoleo mengi, na usafishaji wa Smart Recycle wenye kikomo cha matoleo 120. Kwa kazi inayoendeshwa mara moja kwa usiku, maana yake ni toleo la kila siku kwa mwezi mmoja uliopita, kisha moja kwa kila wiki kurudi nyuma zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Muda huo mrefu una sababu. Folda ya arusi ya 2016 haifunguliwi kila wiki, na ikifutwa mwezi wa Februari huenda mtu asiulize iliko hadi mwezi wa Agosti.

Mambo mawili huamuliwa wakati wa kuunda kazi, kwa hiyo yafikiriwe kabla. La kwanza ni usimbaji fiche, yaani kuifunga data isisomeke bila nywila au ufunguo, ambao ukishaanza bila kuuwasha huwezi kuuongeza baadaye ila kwa kuanza upya. Hapa uliwashwa, maana hati za viwanja zinakaa katika nyumba ya pili ambako watu wengine wanaingia na kutoka. Mfumo hutoa faili ya ufunguo yenye mkia .pem, na kosa la kawaida ni kuiacha ndani ya NAS ile ile inayolindwa. Ufunguo wa familia hii uko kwenye flashi, na nywila imeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi iliyowekwa pamoja na hati zenyewe za viwanja. Nywila na ufunguo vikipotea vyote viwili, hakuna fundi wala kampuni itakayofungua data hiyo. La pili ni kubana data. Kulizimwa, kwa kuwa picha za JPEG na video za simu zimeshabanwa na kuzibana tena ni kuichosha mashine bure.

Upande wa Bamburi kulifunguliwa mtumiaji mmoja wa kazi hii tu, asiye msimamizi, mwenye ruhusa ya kuandika kwenye folda moja. Akaunti ya "admin" ilizimwa kwenye mashine zote mbili. Pipa la takataka liliwashwa kwenye kila folda ya Tudor, na kwa kuwa DS220+ inaweza kutumia mfumo wa faili wa Btrfs, zilipangwa pia snapshoti, yaani kumbukumbu za hali ya folda kwa wakati fulani, kila baada ya saa sita. Kijana akifuta folda leo, anairudisha mwenyewe kwa dakika mbili bila kuisumbua Bamburi.

Kubeba mzigo wa kwanza

Faiba ya Tudor hupakia kwa Mbps 10, yaani MB 1.25 kwa sekunde ukigawanya kwa nane. TB 1.4 kwa mwendo huo ni karibu siku 13, usiku na mchana bila kukatika. Na kwa kuwa mtandao wa nyumba unatumika, muda wa haki ni kuanzia saa tano usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Saa saba hizo hubeba GB 31 na kidogo. Mzigo wa kwanza ungechukua siku 44.

Kwa hiyo mashine ya Bamburi ilizimwa, ikafungashwa, ikavushwa Daraja la Nyali hadi Tudor, ikaunganishwa kwenye ruta ile ile kwa kebo ya Cat5e. Ndani ya nyumba, Hyper Backup yenye usimbaji hutarajiwa kwenda MB 25 hadi 40 kwa sekunde kwenye mashine ya daraja la DS218j, ambayo ina RAM ya MB 512 tu. Kwa MB 30, ni saa 13.

Haikuwa hivyo mara ya kwanza. Kazi ilianza vizuri, kisha ikashuka hadi MB 8 na kubaki hapo. Kebo ilibadilishwa bila faida. Chanzo kilipatikana kwenye kibandiko cha diski: moja kati ya zile mbili ilikuwa WD40EFAX, ambayo ni ya teknolojia ya SMR. Kwenye diski hizo mistari ya data hupandana kama makuti ya paa, na kubadilisha mmoja kunalazimu kuinua iliyoulalia na kuiandika upya. Kwa uandishi mfupi huoni tofauti, kwa sababu diski ina sehemu ya kupokelea haraka. Sehemu hiyo ikijaa, mwendo unaporomoka, na katika RAID 1 diski ya polepole ndiyo huamua mwendo wa zote mbili. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski za jina la WD Red zilikuwa za aina hiyo. Anayenunua leo kwa ajili ya NAS asome namba ya modeli: WD Red Plus na Seagate IronWolf ni CMR, ambazo mistari yake haipandani. Diski ile ilibadilishwa, RAID ikajijenga upya, kazi ikarudiwa na kumalizika ndani ya siku moja.

Njia kati ya nyumba mbili

Hapa ndipo wengi hukwama, na ndipo ushauri mbaya unapotolewa kwa wingi. Ushauri wa haraka ni kufungua poti 6281, mlango wa mtandao unaotumiwa na Hyper Backup Vault, kwenye ruta ya Bamburi. Kwanza haikuwezekana: anwani ya nje iliyoonekana kwenye ruta ilianza na 100.7x, na anwani zote kuanzia 100.64 hadi 100.127 ni za CGNAT, yaani mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Poti utakayofungua kwenye ruta yako haifiki nje. Pili, hata kama ingewezekana isingefaa. Aprili 2021 programu ya ukombozi iitwayo Qlocker iliingia kwenye maelfu ya NAS za QNAP, kampuni nyingine, zilizoonekana kwenye intaneti, ikafunga faili za watu kwa 7-Zip yenye nywila na kudai bitcoin 0.01 kwa kila mashine. Mlango ulioingiliwa ulikuwa kwenye programu ya bekapu yenyewe.

Ilitumika Tailscale, ambayo husuka njia iliyosimbwa ya WireGuard kati ya mashine mbili bila kufungua poti yoyote. Ipo kwenye Package Center ya Synology. Kila mashine hupata anwani yake ya kudumu inayoanza na 100, kutoka kundi lile lile linalotumiwa na CGNAT, kwa hiyo usizichanganye ukiwa unasoma mipangilio ya ruta.

Baada ya kuweka, laptopu iliweza kuifikia mashine ya Bamburi kupitia Tailscale, lakini Hyper Backup ya Tudor ilisema haioni seva. Hali hii huwapotezea watu siku nzima, nayo ina sababu moja. Kwenye DSM 7, mfumo endeshi wa mashine za Synology, programu za nyongeza hazipewi haki za kina za mfumo, kwa hiyo Tailscale hupokea miunganisho inayoingia, ila programu nyingine za NAS haziwezi kutoka kupitia kwake. Dawa ni kazi ndogo kwenye Task Scheduler, ya aina inayoendeshwa mashine inapowaka, kwa mtumiaji root, yaani mwenye haki zote za mfumo:

/var/packages/Tailscale/target/bin/tailscale configure-host; synosystemctl restart pkgctl-Tailscale.service

Iendeshe mara moja kwa mkono, kisha iache ijiendeshe kila uwashaji. Kuiendesha kwa mkono tu ni kujiandalia tatizo, kwa sababu athari yake hupotea mashine ikizimwa, na Mombasa mashine itazimwa.

Mtego wa pili wa Tailscale ni wa kimya zaidi. Funguo za kila kifaa huisha baada ya siku 180 kama hujabadilisha. Kwa laptopu ni jambo jema. Kwa mashine iliyo kabatini Bamburi maana yake ni kwamba baada ya miezi sita bekapu inasimama na hakuna aliyegusa kitu. Ingia kwenye ukurasa wa usimamizi, fungua kila NAS, zima kuisha kwa ufunguo.

Mashine iliporudishwa Bamburi haikuonekana kabisa. Ilikuwa imepewa anwani ya mkono ya 192.168.1.50 tangu Tudor, na ruta ya Bamburi inatoa za 192.168.100. Iliwekwa kwenye DHCP, yaani ipewe anwani na ruta yenyewe, ikapata anwani, na ruta ikaambiwa iitunzie hiyo hiyo. Kisha kwenye kazi ya Hyper Backup ikabadilishwa anwani ya seva kutoka ile ya ndani hadi ile ya Tailscale. Haikuhitaji kutuma upya TB 1.4, ilitambua nakala iliyopo na kutuma ya ziada tu. Amri ya "tailscale status" ilionyesha neno "direct", yaani mashine zinazungumza ana kwa ana. Ikionyesha "relay", data inapitia seva ya katikati na mwendo unaweza kupungua sana. Kuwasha UPnP, inayoruhusu kifaa kuiomba ruta njia, kwenye upande usio nyuma ya CGNAT kunaweza kusaidia.

Saa, stima na joto

Kwa simu, kaka aliambiwa aweke kazi saa nane usiku. Akachagua 20:00. Mashine huhesabu kuanzia usiku wa manane, na saa nane ya usiku kwake ni 02:00. 20:00 ni saa mbili usiku, wakati nyumba nzima iko mtandaoni. Kwa siku kadhaa simu za video zilikatika-katika na lawama zikapelekwa kwa mtoa huduma. Mkondo wa kupakia ukijaa, hata kupakua hudorora, kwa sababu stakabadhi za kila pakiti inayoingia hazipati nafasi ya kutoka. Unapopanga kwa simu na mtu, mtajie tarakimu za mashine zenyewe, "sifuri mbili, sifuri sifuri", na uhakikishe eneo la saa kwenye DSM ni Nairobi, GMT+3. Hatimaye muda uliwekwa 23:00, ili usiku wote utumike. Baada ya arusi kubwa ya GB 60 kazi haimaliziki kwa usiku mmoja, na hilo ni sawa.

Stima inakatika. Kila nyumba iliwekewa UPS, betri ya akiba ya umeme, ya VA 650 yenye kebo ya USB hadi kwenye NAS, kwa kuwa UPS isiyozungumza na mashine huchelewesha tu ajali. NAS hutumia wati 15 hadi 18 ikifanya kazi, na pamoja na ruta na kisanduku cha faiba mzigo ni mdogo. Hata hivyo iliamuliwa mashine ijifunge baada ya dakika tano bila stima, badala ya kungoja betri ikaribie kuisha. Betri za asidi huzeeka haraka kwenye joto: kwa kanuni inayotumiwa na mafundi, kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake kwa nusu hivi, kwa hiyo dakika zilizoandikwa kwenye boksi si za kuaminiwa mwaka wa tatu. Washa pia kipengele cha kuizima UPS yenyewe NAS inapojifunga. Bila hicho, stima ikirudi kabla betri haijaisha, mashine haihisi kwamba umeme ulikatika na kurudi, na inabaki imejifunga hadi mtu aiguse. Na uwashe kipengele cha kujiwasha stima inaporudi.

Bamburi ni karibu na bahari, na chumvi ya hewani hula viunganishi vya chuma. Mashine ilitolewa kwenye rafu ya dirishani ikawekwa ukuta wa ndani, na nafasi ya sentimita 10 kila upande. Kuiacha iwake daima ni bora kuliko kuiwasha mara moja kwa wiki, maana joto lake dogo huzuia unyevu kutulia ndani. Miezi ya kaskazi, diski zikikaa juu ya nyuzi 50, feni iwekwe kwenye hali ya kupoza hata kama ina kelele.

Kurudisha

Jaribio lilifanywa kana kwamba mashine ya Tudor haipo tena. Kwenye laptopu iliwekwa Hyper Backup Explorer, programu ya bure inayofungua nakala ya mkia .hbk bila kuhitaji NAS iliyoiandika. Laptopu ilipelekwa Bamburi, nywila ikasomwa kutoka kwenye karatasi, na vikatolewa vitu vitatu: hati moja ya kiwanja, video moja ya GB 4, na rekodi ya nyanya kutoka toleo la wiki tatu nyuma. Kila kimoja kililinganishwa na asili kwa sha256sum, amri inayotoa alama ya kipekee ya faili. Vyote vilifanana. Kusoma nywila kutoka karatasini kulifaa peke yake, kwa sababu herufi O na sifuri zilikuwa hazitofautiki kwa mwandiko. Karatasi ikaandikwa upya.

Hesabu ya kurudisha yote nayo ifanywe mapema. Bamburi hupakia kwa Mbps 5. Kuirudisha TB 1.4 kwa njia ya mtandao ni siku 26. Kwa hiyo maafa yakitokea, mashine itabebwa kwa gari, kama ilivyobebwa mara ya kwanza.

Ukaguzi wa uzima wa nakala umepangwa mara moja kwa mwezi, kwa kuwa DS218j huuchukua polepole. Barua pepe za kufanikiwa hazitegemewi tena peke yake: mashine iliyozimwa haitumi barua ya kushindwa. Kila Ijumaa baada ya sala, dada hufungua Hyper Backup Vault na kusoma tarehe ya toleo la mwisho na ukubwa wake, kisha huandika kwenye kundi la familia. Ukubwa ukipungua ghafla au tarehe ikibaki ya juzi, kaka anapigiwa.

Umebaki udhaifu mmoja. Mtu au kirusi kinachoiteka mashine ya Tudor kikiwa na haki za msimamizi kinaweza kuiamuru Hyper Backup ifute matoleo ya Bamburi. Tangu DSM 7.2 ya mwaka 2023 kuna snapshoti zisizofutika kwa muda uliowekwa, hata na msimamizi, lakini zinahitaji Btrfs, na DS218j hutumia ext4 pekee. Mpaka itakapobadilishwa, kuna diski ya USB ya TB 4 Bamburi. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi dada huichomeka nyuma ya DS218j, kazi ya pili inanakili folda ya Vault kwake, na ikimalizika diski inatolewa kupitia DSM, inachomolewa na kufungiwa ndani ya mfuko wa plastiki wenye pakiti za kukausha unyevu. Ratiba ya kazi hiyo ya pili imewekwa 10:00, saa nne asubuhi, ili isigongane na ile ya usiku ikiwa bado inaandika, maana nakala iliyochukuliwa katikati ya uandishi huenda isifunguke.